Vifaa vya Mlima Kenya: kipi kinunuliwe Mombasa, kipi kikodiwe Nanyuki

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Bamburi. Mwezi wa Februari mimi na mume wangu tunataka kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana kwa njia ya Sirimon. Hatujawahi kupanda mlima wala kulala kwenye hema. Shemeji yetu wa Nairobi anasema vifaa vyote tukanunue huko, Mombasa hakuna maduka ya mambo hayo. Jirani naye anasema soko la Kongowea limejaa majaketi ya mitumba ya kuskii, yaani ya kuteleza kwenye theluji, tuchukue hayo tumalize kazi. Nani mkweli? Na hema na begi la kulalia tununue kabisa? Baadaye tungependa kulala nje na watoto Taita na Shimba Hills. Mimi huvaa hijabu, sijui kama kuna la kuzingatia.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Shemeji na jirani kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli. Ni kweli Mombasa hatuna mtaa wa maduka ya wapanda milima. Utakavyokuta katika maduka makubwa ya Nyali na mjini ni vitu vya pikiniki na ufukweni: hema jepesi, kiti cha kukunja, kisanduku cha barafu. Ni kweli pia kwamba Kongowea kuna majaketi ya theluji, na mengine ni mazuri kuliko yaliyo mapya dukani. Ila wote wawili wamesahau swali moja: vitu hivyo vitakaa wapi mkisharudi?

Nauliza hivyo kwa sababu vifaa vingi vya mlima ninavyoletewa kutengeneza hapa Mombasa havikuharibiwa na mlima. Vimeharibikia kabatini. Joto letu na unyevu wetu hula gundi, hula soli, hula rangi ya ndani ya hema, huotesha ukungu kwenye manyoya ya begi la kulalia, na yote hayo hutokea kitu kikiwa kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Pwani ni tofauti na nitakaompa mtu wa Nyeri. Kinachogusa ngozi na nyayo, nunueni hapa hapa, mapema, mkivae mpaka kizoeane na mwili. Kinachokinga baridi kali kwa usiku tatu au nne, kodini Nanyuki au Naro Moru, ambako waongozaji wa mlima hukodisha mabegi ya kulalia, majaketi mazito na fimbo za kutembelea. Hema lisubiri safari ya Taita, kwa kuwa njia ya Sirimon ina nyumba za kulala zenye vitanda na magodoro: Old Moses kwenye mita 3,300 na Shipton's kwenye mita 4,200. Mwambieni guide awawekee nafasi mapema, maana Januari na Februari ni miezi mikavu na watu huwa wengi.

Kwanza tujue tunajikinga na nini. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Lenana iko mita 4,985. Mombasa ikiwa nyuzi 30 alasiri, hesabu hiyo peke yake inakuweka chini ya sifuri kileleni, na bado hujahesabu upepo. Wala hamtafika huko alasiri: watu huondoka Shipton's usiku wa manane ili wawe juu jua linapochomoza. Mtu aliyezaliwa Kisauni hajawahi kukutana na hali hiyo mahali popote, isipokuwa labda ndani ya chumba cha barafu cha kiwanda cha samaki. Lakini kumbuka pia kwamba siku ya kwanza, kutoka lango la Sirimon hadi Old Moses, mtatembea barabarani juani na mtatoka jasho vizuri sana. Nguo moja haiwezi kufanya kazi hizo mbili. Hapo ndipo jirani yako anapokosea.

Tuanze na hayo majaketi yake. Nguo za mitumba huingia kwa bandari ya Kilindini kutoka nchi zenye majira ya baridi, na ndani ya marobota hutokea nguo ambazo mtu wa Pwani hana haja nazo. Muuzaji wa Kongowea mwenye jaketi la theluji mkononi hana mteja wa kila siku, kwa hiyo bei inajadilika. Mshindani wako mkubwa ni kijana wa bodaboda anayefanya kazi usiku. Nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa, ulizia kamera, yaani chaguo la kwanza, na kama una macho mazuri na subira pita kwenye fagia, yaani mabaki, mwisho wa siku. Nimeona glovu za kuskii nzima kabisa zikitupwa kwenye fagia kwa sababu hakuna aliyejua za nini.

Jaketi la kuskii utalitambua bila kusoma maandishi. Ndani, kwenye kiuno, lina kitambaa cha mpira na vifungo kinachobana tumbo ili theluji isipande mgongoni. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, mara nyingi kuna mfuko mdogo wa kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Mengine yana kipande kigumu kilichoandikwa RECCO kimeshonwa ndani. Hicho ni kiakisi kinachowasaidia waokoaji kumtafuta mtu aliyefunikwa na theluji. Msikikate mkidhani ni kile kibati cha kuzuia wizi dukani. Hakisumbui kitu.

Sasa likague. Geuza jaketi nje ndani, upapase mishono. Jaketi la maana lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono kuzuia maji. Utepe ukibanduka kwa kidole, maji yataingia hapo. Papasa bitana ya ndani: ikinata, au ikitoa magamba membamba yanayoshika vidoleni, kinga yake imekufa na hakuna sabuni itakayoifufua. Nusa. Harufu ya mtumba huondoka kwa kufua, lakini harufu ya uchachu inayokaribia matapishi ni dalili ya kemikali ya kitambaa kuvunjika. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa huku ukiivuta pembeni. Mwisho mwagia tone la maji ya kunywa begani. Likiteleza, vizuri. Likilowa juu tu, bado si kasoro kubwa, maana ile kinga ya nje hurudishwa kwa dawa ya kupuliza au wakati mwingine kwa kupiga pasi ya moto mdogo baada ya kufua. Likipenya hadi ndani, lirudishe penye msumari wake.

Ukilipata zuri, ujue ni la usiku mmoja: ule wa kupanda Lenana, pamoja na jioni mtakazokaa Shipton's mkisubiri chakula. Mkilivaa kutoka langoni mtaloa jasho, na nguo iliyoloa jasho ndiyo itakayowatetemesha jua likizama. Suruali ya kuskii hali kadhalika. Chagua yenye zipu ndefu pembeni ili uivae bila kuvua viatu. Viatu vya kuskii, vile vya plastiki ngumu vyenye vibanio vya chuma, viwekwe chini mara moja hata mtu akikwambia ndivyo vinavyovaliwa mlimani. Havikunji kifundo, vimetengenezwa kwa kufungwa kwenye mbao za kuteleza na si kwa kutembea. Miwani mikubwa ya kuskii nayo haina kazi kubwa kwenu. Miwani ya jua ya kawaida inatosha, ila iwe na kinga ya kweli ya miale, iliyoandikwa UV400 na kununuliwa kwa mtu wa miwani. Giza la kioo peke yake hufungua mboni ya jicho bila kuzuia miale yenyewe.

(Nikiwa hapo hapo kwenye kuskii: msiwacheke watu wa Pwani wenye majaketi ya theluji. Sabrina Simader, Mkenya wa kwanza kushindana katika kuskii kwa kuteremka mlima kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Pyeongchang 2018, alizaliwa Kilifi. Kabla yake Philip Boit alikuwa ameiwakilisha Kenya Nagano mwaka 1998 katika mbio za nyika za kuskii.)

Viatu nitavisemea zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyowarudisha watu njiani, na ndivyo hasa vinavyodanganya macho sokoni. Mabuti mengi ya kupandia milima yana tabaka la katikati, baina ya soli ya mpira na ngozi ya juu, lililotengenezwa kwa povu la poliyurethani. Povu hilo ni zuri kwa mguu, lakini mvuke wa maji uliomo hewani hulivunja polepole, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa tangu kitoke kiwandani. Joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu kinabaki kizuri kwa nje, ngozi inang'aa, kamba mpya, kisha siku ya kwanza ya kutembea kwa nguvu soli nzima inaachia, na ndani unakuta unga. Kiatu cha mtumba kimeshakaa miaka kwenye kabati la mtu huko kilikotoka, kikasafiri kwenye kontena la moto, kikaja kusubiri kwenye unyevu wa Kongowea. Hata kiatu kipya kilichokaa muda mrefu kwenye rafu ya duka la mjini kinaweza kuwa na maradhi hayo.

Kwa hiyo usiangalie juu, angalia ubavu. Bonyeza lile povu la katikati kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi mahali pake taratibu na kubaki laini, endelea. Likibaki na shimo, likitoa vumbi, likiwa na nyufa nyembamba kwenye mkunjo au likinata kidole, liache hapo. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mbele, pale vidole vinapokunjika, utazame kama soli inafunguka mdomo. Viatu vyepesi vya kutembelea na raba nyingi za kukimbilia hutumia povu la aina nyingine liitwalo EVA. Hilo halivunjwi na unyevu kwa namna hiyo. Kasoro yake ni kugandamana na kuwa gumu kadiri linavyotumika. Kwa mitumba, mimi humwelekeza mgeni wa mlima kwenye kiatu chepesi cha EVA kinachofunika kifundo, chenye soli yenye meno makubwa. Kwa Februari na kwa njia ya Sirimon kinatosha. Mabuti mazito ya ngozi, ya mitumba, yenye soli ya poliyurethani, simshauri mtu wa Mombasa ayaguse, labda awe anajua mwaka yaliotengenezwa.

Jaribu viatu alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, na uvae soksi nene utakayopanda nayo. Kiatu kikiwa hakijafungwa, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja. Kisha funga, tafuta ngazi, ushuke. Vidole vikigonga mbele kwenye ngazi za dukani, mtakaposhuka kutoka Lenana kucha zitakuwa nyeusi. Ukishanunua, mpelekee fundi wa viatu wa kando ya barabara azungushie soli uzi wa nailoni. Kazi yao ni imara kuliko gundi ya kiwandani katika joto letu, ingawa haiwezi kuokoa povu lililooza. Baada ya hapo vivaeni. Endeni navyo shule, sokoni, mkatembee Mama Ngina jioni, mpande ngazi popote penye ghorofa. Msifanyie mazoezi ufukweni: chumvi hukausha ngozi na kutafuna vitundu vya kamba.

Soksi ziwe za sufu au za mchanganyiko wa sufu na nailoni. Hizi ndizo nitakuruhusu uagize Nairobi bila kinyongo, maana hapa ni adimu, na mtumba wa soksi sipendi kwa sababu moja tu: miguu ya watu.

Nguo za ndani ziko tele na hazihitaji duka la mlimani. Kanuni ni kuepuka pamba. Fulana ya pamba na jinzi zikiloa hukaa zimeloa, na maji hayo huvuta joto la mwili. Jezi ya mpira wa miguu ya poliesta, ile ile ambayo mumeo pengine anayo, ni nguo nzuri sana ya kwanza juu ya ngozi. Juu yake flisi, yaani sweta laini la poliesta lenye manyoya. Kongowea flisi za mitumba ni nyingi na kwa maoni yangu ndizo zinazostahili pesa zenu kuliko kitu kingine chochote katika soko lile. Haziozi, hukauka upesi, na mkirudi watoto watazigombania wakienda shule za bara. Juu ya flisi, koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, lenye kofia. Suti ya mvua ya plastiki ya bodaboda inazuia maji kweli, lakini hairuhusu jasho kutoka. Ichukueni kama akiba ndani ya begi, si kama vazi la kutwa. Chini, suruali ya nailoni ya kawaida, na ya ndani ya kubana kwa ule usiku wa kileleni. Glovu mbili, nyembamba ndani na nzito juu. Boshori moja kila mtu.

Kuhusu hijabu, usiwe na wasiwasi, na kwa kweli una faida. Kitambaa kinachofunika shingo na masikio ndicho ambacho wengine huenda kukinunua. Acha ile ya pamba na ile ya krepu nzito. Chukua hijabu ya michezo ya poliesta, isiyo na pini, uvae boshori juu yake na kofia ya koti juu ya vyote. Pini ni za kuacha nyumbani kabisa, kwa sababu utakuwa ukivaa na kuvua ukiwa na glovu gizani. Kanzu ndefu ya juu iishie magotini na iwe na mpasuo pembeni, ili uone unapokanyaga kwenye kokoto za mwisho. Chukua leso pea moja kutoka Biashara Street: ya kubadilishia nguo, ya kuswalia, ya kujifunika Old Moses jioni. Hiyo ni pamba, lakini haitavaliwa kwenye jasho kwa hiyo ruhusa ipo.

Begi la kulalia. Kwa Mlima Kenya, kodini. La kuwafaa ni zito, na mkilinunua mtalitumia wapi? Taita litawachemsha, Shimba Hills hamtaweza hata kulifunga zipu. Lakini mjue kulisoma, hata lile la kukodi. Mabegi yaliyopimwa kwa kiwango cha EN 13537, au ISO 23537 kilichokifuata, huandikwa namba tatu za joto. Ya kwanza, inayoandikwa comfort, ni joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala bila kuhisi baridi. Ya pili, limit, ni ya mwanaume aliyejikunja. Ya tatu, extreme, ni ya kunusurika tu, mtu hafi lakini halali. Wauzaji na wakodishaji hupenda kukuonyesha ya tatu kwa kuwa ndiyo yenye kutisha. Ninyi someni ya kwanza, na kwa Shipton's iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au chini zaidi. Begi lisilo na maandishi, litandazeni na kulinyanyua kwenye mwanga: mkiona mabaka yanayopitisha mwanga, vilivyomo vimekimbilia pembeni. Kama ni la manyoya ya bata na limeshikana mabonge, lilihifadhiwa likiwa na unyevu.

Kwa ajili ya usafi wa begi la kukodi, chukueni shuka jepesi la kitanda kimoja kila mtu, likunjwe kwa urefu, fundi cherehani ashone chini na ubavuni hadi kifuani. Mnaingia ndani ya shuka, shuka ndani ya begi. Huongeza joto kidogo pia.

Begi la mgongoni la kutwa la lita 25 hadi 30 linatosha, kwa kuwa mizigo mikubwa hubebwa na wapagazi. Liwe na mkanda wa kiunoni unaokaa juu ya mfupa wa nyonga. Ndani yake ungetaka kupanga nguo kwenye mifuko ya nailoni, lakini kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na mbuga, chupa za maji za dukani zikiwemo. Maduka ya vifaa vya boti na uvuvi huuza mifuko ya kukunja mdomo isiyopitisha maji, imara kuliko inayouzwa kwa watalii. Chupa ziwe mbili kwa mtu, za plastiki ngumu au chuma zenye mdomo mpana. Ule mpira wa kunyonyea maji kutoka begini msiutegemee usiku wa kileleni, maji huganda ndani yake. Tochi ya kichwa ipo hata supamaketi. Betri laleni nazo ndani ya begi la kulalia, maana baridi huzilegeza.

Sasa hema la watoto. Hili nunueni mkiwa tayari kwenda Taita, si kabla, na mlitumie mara kwa mara. Yale ya supamaketi ya bei nafuu mengi yana kifuniko cha juu kifupi kama kofia, pande zote zikiwa wazi. Shimba Hills msimu mkavu mtalala vizuri tu. Taita, kule juu Wundanyi na kuelekea Vuria, mlima wenye mita 2,208, ukungu na manyunyu huja kwa pembeni, na hema la aina hiyo litawalowesha kufikia usiku wa manane. Tafuteni lenye kifuniko kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote, na sakafu iliyopanda ukutani kiganja kimoja. Kinga ya maji huandikwa kwa milimita: kifuniko 1,500 kwenda juu, sakafu 3,000. Fito za alumini hupinda na kunyooshwa. Za nyuzi za kioo hupasuka kwa urefu na kuchoma mikono. Mwambieni muuzaji alisimamishe hapo hapo dukani. Akikataa, kuna duka jingine, na wengi wameandika ukutani kwamba kitu kikishauzwa hakirudi.

Chini ya hema tandikeni turubai. Msinunue la kupimwa. Mafundi wa turubai za malori watawakatia kipande, wapinde kingo na kupiga vitundu vya chuma. Kiwe kidogo kuliko sakafu ya hema kwa kiganja kila upande. Kikizidi, hukusanya maji ya mvua na kuyaleta chini yenu. Badala ya magodoro, yale matandiko ya povu ya kuunganisha vipande wanayochezea watoto sakafuni yanafaa kabisa: ni povu la EVA lisilonywa maji, halina uzito, na likiisha safari linarudi chumbani kwa mtoto. Kipande cha godoro la kawaida hunywa umande na kulala mbichi siku mbili.

Mkirudi, hema lisiingie kwenye mfuko wake. Lianikeni kivulini mpaka likauke kabisa, kama mlikuwa karibu na bahari lisuuzeni kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na zipu zipakeni mshumaa. Kisha litungikeni au likunjwe kwa ulegevu ndani ya foronya ya mto, si plastiki, chumba chenye upepo. Likibanwa mbichi, ile rangi ya ndani huanza kunata na kutoa ule uchachu niliousema kwenye majaketi, na hapo hata mimi sina la kufanya nalo. Shimba Hills kuna tembo na nyati, kwa hiyo laleni tu kwenye kambi iliyoruhusiwa na KWS, shirika la wanyamapori, na chakula kibaki garini.

Jiko la gesi la safari msinunue sasa. Mlimani mtapikiwa, na Taita mtungi wa kilo 6 wa nyumbani wenye kichwa chake unapakiwa garini bila taabu, ukiwashwa nje ya hema siku zote. Tena mkienda Nanyuki kupitia Nairobi kwa treni ya SGR, mizigo hukaguliwa kituo cha Miritini, na mitungi ya gesi pamoja na visu havipiti. Kabla ya kwenda Kongowea, mpigieni guide wenu awatumie orodha ya vitu anavyokodisha, saizi na bei, mkate majina ya vile ambavyo mmeshavipata hapa. Viatu vianze wiki hii.